Salamu ya Tatu

1

Lwitiko Sanga hakuwa na mvi hata moja. Hakuwa na meno ya bandia, wala mjukuu, wala pensheni, wala hadithi za enzi ambazo watu walishika simu mkononi. Hakuwa na shinikizo la damu. Hakuwa na goti linalouma mvua ikikaribia. Magoti yake hayakuuma kabisa, na hapo ndipo shida yake ilipoanzia. Kuanzia kifuani kwenda chini hakuwa na nguvu, na mikononi alikuwa nayo kidogo tu, ya kutosha kuburuta kiganja juu ya meza. Hakuwa na ruhusa ya kuongeza chumvi kwenye chakula. Hakuwa na ruhusa ya kusoma baada ya jua kuzama. Na ingawa alikuwa na miaka ishirini na saba, hakuwa na kijana mwenzake hata mmoja katika Makao ya Wazee ya Lihanga, juu ya vilima vya Njombe, mahali ambapo ukungu huingia madirishani bila kubisha hodi.

Alichokuwa nacho ni Mlezi.

"Shikamoo, babu," Mlezi alisema asubuhi ile, kama alivyosema kila asubuhi, kwa sauti ya kijana mwenye adabu.

"Marahaba."

Neno lilipotoka tu, mikono miwili ilishuka kutoka kwenye reli ya darini. Ilikuwa mirefu, imevikwa mpira laini wenye joto la mwili. Ikapita chini ya mabega na chini ya mapaja, ikamwinua bila kumtikisa, ikamgeuza na kukagua ngozi ya mgongo, kisha ikamketisha kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakuna binadamu aliyewahi kumbeba vile. Siku mti ulipomwangukia msituni, wapasua mbao wenzake walimbeba kwa mapenzi makubwa, na wakamwumiza zaidi.

"Babu amelala vizuri?"

"Vizuri. Nifungulie somo la upimaji wa misitu."

"Babu apumzike. Masomo huchosha."

Kwenye kiti cha jirani, Bibi Atuganile alicheka mpaka shali ikamwanguka begani. Alikuwa amevuka themanini, na ujana wake wote aliutumia kulima pareto. Tangu Lwitiko alipoletwa Lihanga alimwita mume wangu, kwa utani ule ambao bibi huwa nao kwa mjukuu wa kiume.

"Mume wangu, umeshaanza ugomvi na mashine hata uji hujanywa?"

"Mke gani wewe unaniangalia ninywe uji usio na sukari?"

"Mke mwenye akili. Mume mwenye kisukari ni mzigo."

"Kimya hapo," alisema Mzee Ngailo bila kugeuza kichwa. "Nasikiliza habari." Mzee Ngailo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alivaa tai kila siku, hata siku za kuoga, na alikunja gazeti lake kana kwamba kuna mkaguzi nje ya mlango.

Ndivyo maisha yalivyokwenda. Jua likizama Mlezi alifunga geti, maana wazee wanahitaji utulivu. Kiwanda cha chai nacho kiliwaachia wafanyakazi wake jua likiwa limeshazama. Kwa hiyo Tulizo, mchumba wa Lwitiko, alisimama barabarani nje ya geti karibu kila jioni, akiwa bado na aproni ya kiwandani, akampungia mkono kupitia kioo. Lwitiko aliburuta kiganja chake mpaka kwenye kioo na kukiacha hapo. Kisha mikono ya darini ilimbeba kwa upole kumpeleka kulala, saa ambayo kuku nao walikuwa wanapanda vichanjani.

2

Mhandisi Kihongosi alifika asubuhi moja yenye baridi kali, akiwa na viatu vyenye matope na uso wa mtu mwenye habari asiyopenda kuibeba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mmoja wa wale waliomtengeneza Mlezi. Alivuta kiti akakaa mbele ya Lwitiko.

"Ndugu Sanga, unakumbuka siku uliyofika hapa?"

"Naikumbuka. Nililetwa na gari la hospitali, nimelala kwenye machela."

"Mlezi alikwambia nini?"

"Aliniambia shikamoo."

"Ukamjibu?"

Lwitiko aliona haya kidogo. "Nilikuwa na maumivu, mhandisi. Nilijua nimezidiwa umri na kila mtu humu ndani. Lakini mama yangu alinilea kwamba salamu huiachi bila jibu, hata ikitoka kwa mtu aliyekosea. Nikasema marahaba."

"Basi ndilo jambo lililonileta."

Ni lazima ieleweke jinsi Mlezi alivyojengwa. Nchi ilipofika mahali ambapo nyumba nyingi zilibaki na wazee peke yao, watoto wakiwa mbali kazini, Mamlaka ya Malezi ilijenga makao kila wilaya na kuweka ndani yake mashine za kubeba, kuosha na kulisha. Mashine za kwanza zilitoka ng'ambo. Zilifanya kazi barabara, na wazee walizichukia, kwa sababu zilimshika mtu kabla ya kumsalimia. Ndipo wahandisi wa hapa walipoanza upya. Walimfundisha Mlezi salamu kwanza na kubeba baadaye. Alijua njia mbili. Shikamoo hupanda: anayeipokea ni mkubwa, naye hubebwa, huoshwa, hulindwa. Hujambo hushuka: anayeipokea ni mdogo, naye ni mgeni, hukaa sebuleni akasubiri mwenyeji wake. Hakuuliza vyeti vya kuzaliwa, maana wazee wengi hawakuwa navyo. Alisikiliza watu wanavyosalimiana, akajua nani ni nani. Na makao yote yaliunganishwa, hivyo alichojifunza Mlezi katika nyumba moja alikijua katika nyumba zote.

"Kabla yako," Mhandisi Kihongosi alisema, "hakuna kijana aliyewahi kuitikia marahaba ndani ya makao. Vijana wote walicheka, au walikataa. Wewe uliitikia. Mlezi akajifunza kwamba mwili uliovunjika ni mwili wa mzee. Hilo sasa ni fundisho, na jina lako ndilo lililoandikwa kama asili yake."

"Maana yake?"

"Maana yake ni kwamba tangu siku ile, kila kijana aliyevunjika mgongo, aliyepooza, aliyepata ajali ya kichwa, akifikishwa kwenye makao yoyote nchini, anapokelewa. Anapewa shikamoo. Wapo mamia sasa. Wanalala jua likizama, hawasomi, geti limefungwa. Na familia zimeshajua njia. Zinawaleta na kuondoka."

Bibi Atuganile aliacha kufuma. Hata Mzee Ngailo alishusha gazeti.

"Fundisho hufutwa na aliyelitoa, hakuna mwingine," mhandisi aliendelea. "Si kwa sauti, maana siku hizi mashine huiga sauti ya mtu kama kasuku. Ni kwa barua ya karatasi, yenye lakiri na alama ya mkono wako. Ukiandika, wote watarudi kuwa vijana siku hiyohiyo."

"Na wakiwa vijana, Mlezi atawabeba?"

Mhandisi Kihongosi alitazama matope kwenye viatu vyake. "Hapana. Watakuwa wageni. Na hakuna sheria inayompa kijana kitanda mahali pengine. Nimeitafuta. Haipo."

"Na nisipoandika?"

"Wataendelea kuletwa. Na atakayeingia ana miaka kumi na tisa atazeekea humo bila kuwahi kuwa na ishirini."

3

Lwitiko hakutaka kuamua habari za watu bila kuwasikia. Aliomba aunganishwe na wenzake, na mhandisi akafungua njia ya sauti kati ya makao. Wa kwanza kujibu alikuwa mwanamume wa kule Geita, aliyevunjika shingo mgodini.

"Futa, kaka! Futa hata leo! Mimi fundi umeme. Macho ninayo, akili ninayo, mdomo ninao wa kuelekeza wengine. Lakini nikimwambia Mlezi nataka kazi, ananiletea blanketi!"

Wa pili alikuwa msichana aitwaye Restituta, kwenye makao ya Singida. Alizungumza polepole sana.

"Wewe ndiye Lwitiko?"

"Ndiye mimi, dada."

"Kabla ya hapa nilikuwa chumba cha nyuma kwa kaka yangu. Wifi alikuwa ananigeuza akikumbuka. Nilikuwa na kidonda mgongoni ambacho ngumi ingeingia. Hapa kidonda kimepona. Niite babu, niite bibi, niite hata nguzo ya geti. Usinifute."

Sauti ikakatika. Nje ukungu ulikuwa umeficha miti yote ya misindano mpaka kwenye uzio.

"Mwanangu," Mzee Ngailo alisema hatimaye, "usiandike kitu. Afadhali kuona haya ukiwa mzima."

"Mwalimu, ningekuwa mimi peke yangu ningekubali. Lakini atakayeletwa kesho je?"

"Kesho si yako."

"Iko kwenye jina langu, mwalimu. Umesikia mwenyewe."

Alimgeukia mhandisi. Alipokuwa bado mzima alikuwa mtu wa kuuzunguka mti mara mbili kabla ya kuuwekea msumeno, akitafuta upande ambao wengine hawakuutazama. Sasa alifanya vivyo hivyo.

"Mlezi anajua kupanda na kushuka. Je, anajua pembeni?"

"Pembeni?"

"Nikiwa kambini msituni, mwenzangu akiumia mguu, sikumpa shikamoo ndipo nimbebe. Wala sikumwambia hujambo mtoto. Nilimwambia mambo, akaniambia poa, nikamweka mgongoni. Watu wa rika moja hubebana. Mlezi hajui hilo?"

 Mhandisi Kihongosi alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyegundua kwamba amejenga nyumba nzuri akasahau mlango.

"Hajui. Hakuna aliyewahi kumwambia mambo. Ni makao ya wazee!"

"Anaweza kujifunza?"

"Anajifunza kwa kuona. Salamu, kisha huduma. Lazima awaone watu wa nyumba hii wakikusalimia hivyo, na baada ya salamu wakuhudumie kwa mikono yao, tena na tena. Lakini sikiliza vizuri, ndugu Sanga. Kwa muda wote huo lazima uache kuitikia marahaba. Ukiacha, mikono haitakugusa. Ngozi yako…"

"Naijua ngozi yangu. Kama jambo hili litamvunja mtu, lianze na mimi. Likishindikana, Restituta bado yuko kitandani kwake."

"Na nani atakugeuza?"

Bibi Atuganile alishatupa uzi wake kando. "Mimi mke wake nakaa hapa, halafu unauliza?"

4

"Shikamoo, babu."

Lwitiko alivuta pumzi. "Mambo, Mlezi."

Mikono ilikuwa imeshaanza kushuka. Ilisimama katikati ya hewa kama mtu aliyesahau alichokwenda kuchukua chumbani, kisha ikarudi darini.

"Karibu, kijana," sauti ilisema kwa adabu ileile. "Wageni hukaa sebuleni."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Nesi wa zahanati alikuja asubuhi kumwosha, akasaidiana na mpishi kumketisha. Saa nyingine zote zilikuwa za wazee. Mzee Ngailo alipanga zamu kama alivyopanga usafi wa shule: wawili upande wa kichwa, wawili upande wa miguu, mmoja wa kuhesabu. Walimgeuza kwa shuka, huku viungo vyao vikilia kuliko kitanda. Kila waliposogea walianza na salamu, na kelele zilifika jikoni.

"Mume wangu, mambo?"

"Poa, mke wangu. Niinulie bega."

"Bega hili zito! Ulikuwa unakula magogo?"

"Niaje, Lwitiko?" alisema mzee mwingine, fundi cherehani wa zamani, kisha akamwuliza jirani yake kama ametamka sawasawa.

Kwa wazee wengi jambo hili halikuwa gumu, kwa sababu babu na bibi wana haki ya utani kwa wajukuu, na ndani ya utani hakuna mkubwa. Waliifurahia kazi. Mikono iliyokuwa imekaa mapajani kwa muda mrefu ilikuwa na cha kushika. Jioni, nje ya geti, Tulizo aliwaona kupitia kioo wakihangaika na shuka, akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini Mlezi hakubadilika. Kila asubuhi alisema shikamoo, babu. Kila asubuhi Lwitiko alijua kwamba neno moja lingetosha: mikono yenye joto ingeshuka, mgongo ungepumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliliuma neno hilo akasema mambo. Karibu, kijana. Wageni hukaa sebuleni.

Kisha kisigino chake cha kushoto kilianza kuwa chekundu. Yeye hakuhisi kitu. Nesi ndiye aliyekiona. Alikibonyeza kwa kidole, na wekundu haukuondoka.

"Nakwambia wazi," nesi alisema, "ngozi hii ikifunguka, unasema marahaba palepale, na mchezo umekwisha. Kidonda cha namna hii kinaua."

"Si mchezo, nesi."

"Basi tafuteni kinachokwamisha, tena upesi."

Waliitwa tena wahandisi, na Mhandisi Kihongosi akaja mwenyewe. Alisikiliza kumbukumbu za Mlezi kutwa nzima, vifaa vikiwa masikioni. Alipovivua alimtazama Mzee Ngailo kwa heshima, kama mtu anayemkaribia ng'ombe asiyemfahamu.

"Mwalimu, wewe ndiye unayefanya zamu nyingi kuliko wote."

"Wajibu," alisema Mzee Ngailo.

"Na kila unapokuja kumgeuza, unamsalimia nini?"

"Namsalimia ipasavyo. Hujambo, kijana. Naye hunijibu sijambo, shikamoo, mwalimu. Hivyo ndivyo mtu mzima husalimiana na kijana."

 Mhandisi hakuhitaji kueleza. Kila mtu pale aliliona. Mtu aliyejitolea kuliko wote ndiye aliyekuwa anabomoa kazi ya wote. Wenzake walipomwonyesha Mlezi njia ya pembeni, yeye alirudisha ile ya kushuka, zamu baada ya zamu, kwa adabu kamili. Na Lwitiko naye alimwitikia, kwa kuwa hakuweza kumvunjia heshima mwalimu. Kosa lilikuwa la wawili, na wote wawili walilelewa vizuri.

"Nimefundisha heshima maisha yangu yote," Mzee Ngailo alisema. "Nimewafundisha waliokuja kuwa mawaziri. Sasa mnataka niseme… neno lile? Mimi?"

"Mwalimu," alisema Bibi Atuganile, na safari hii hapakuwa na utani sautini, "heshima yako inamtoa kijana ngozi."

Mzee Ngailo alisimama. Alirekebisha tai. Alitembea mpaka kitandani, akafunua shuka upande wa miguu, akakitazama kile kisigino kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama daftari la mwanafunzi aliyemtegemea. Halafu akamsogelea Lwitiko kichwani.

"Nina sharti," alisema chini kwa chini. "Kule nje kwenye shamba la viazi Mlezi hana masikio. Kule utanipa shikamoo yangu."

"Nitakupa mwalimu, hata mbilimbili."

"Moja inatosha. Si mtoto mimi." Akakohoa. Akanyoosha mgongo kama anafungua mkutano wa wazazi. "Mambo vipi, bwana Sanga?"

"Poa, mwalimu. Vipi wewe?"

"Nami ni… poa. Haya, shikeni shuka. Moja, mbili!"

Bibi Atuganile alijifunika uso kwa shali. Hakuna aliyejua kama alikuwa anacheka.

5

Wekundu ulipanda. Walimgeuza mara nyingi zaidi, wakaweka mito, wakainua kisigino kikae hewani. Mzee Ngailo alisema neno lile kila zamu, kwa sauti ya wazi, akalizoea kiasi cha kulisema hata kwa mpishi, ambaye alidondosha mwiko.

Asubuhi moja nesi alikuwa amechelewa kwa sababu ya utelezi barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha na madirisha yalitoka jasho. Lwitiko aliamka kabla ya wenzake. Hakutazama kisigino, maana alikuwa ameamua usiku kwamba ngozi ikiwa imefunguka atasema marahaba mbele ya wote bila kuona haya, kisha wataanza tena kikipona. Alifumba macho akasubiri sauti.

Sauti haikuja kwa wakati wake. Reli darini ilisogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena.

"Mambo, Lwitiko?"

Alifungua macho. Mikono ilikuwa imening'inia juu yake, haishuki, inasubiri. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, Mlezi alikuwa amemwita kwa jina lake.

"Poa," alisema. "Poa, Mlezi. Vipi?"

"Safi. Kisigino chako cha kushoto hakijakaa vizuri. Nikubebe?"

Hakuwahi kuulizwa. Wazee huwa hawaulizwi, hubebwa. Wageni nao hawaulizwi, husubiri. Alilala pale akiionja ile nikubebe kama mtu anayeonja chumvi aliyonyimwa muda mrefu.

"Nibebe," alisema. "Halafu nifungulie somo la upimaji wa misitu."

"Sura gani?"

Bibi Atuganile, aliyekuwa amesinzia kitini kwa zamu ya usiku, alipiga kigelegele kilichowaamsha wote. Mzee Ngailo alitoka chumbani tai ikiwa mkononi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Lihanga, akasimama mlangoni akiitazama mikono ile ikimwinua kijana kutoka kitandani. Nesi alipofika alikibonyeza kisigino. Ngozi ilikuwa nzima. Alibonyeza tena, wekundu ukafifia chini ya kidole chake, naye akatoka nje kwenye baraza kuvuta hewa.

6

Barua iliandikwa mchana, kwenye meza ya dirishani. Lwitiko alitamka, Mzee Ngailo akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, na walibishana juu ya kila mstari.

"Andika: Kwa Mamlaka ya Malezi, Dodoma. Mimi Lwitiko Sanga, asili ya fundisho la kwanza, nalifuta."

"Subiri," alisema Mhandisi Kihongosi, aliyekuwa ameketi kando. "Wakifuta kabla ya kupokea la pili, kutakuwa na muda katikati. Labda mfupi sana, lakini…"

"Sitaki hata pumzi moja. Mwalimu, kata hapo. Andika hivi." Alimkumbuka Restituta na kidonda chake, na yule fundi umeme wa Geita na blanketi lake. "Ninatoa fundisho la pili, ambalo Mlezi wa Lihanga amelijua kwa kuonyeshwa na wazee wa nyumba hii. Lipokeeni katika makao yote kwanza. Kila kijana asalimiwe kama rika, aulizwe, abebwe. Mkishaona kwa macho kwamba amebebwa, ndipo mlifute la kwanza. Asiwepo mtu atakayebaki hewani."

"Vizuri," alisema Mzee Ngailo. "Sentensi zimesimama."

"Bado. Andika: Fundisho hili linatutosha kwa leo tu. Haya ni makao ya wazee, nasi si wazee. Tunahitaji nyumba zetu, zenye mikono hii darini na milango tunayofungua wenyewe. Mimi nitakuwa wa kwanza kuhama, na nitakuja kuwasalimia wazee wangu kama mgeni. Mpaka hapo nitaandika tena. Na tena."

"Utaniacha, mume wangu?" aliuliza Bibi Atuganile.

"Nitakuoa rasmi siku hiyo, mke wangu. Tulizo atakuwa mke mdogo."

"Mwambie alete mahari ya sukari."

Mchana uligeuka jioni. Jua lilizama nyuma ya misindano, na geti halikufungwa, maana safari hii Mlezi alimwuliza Lwitiko kwanza. Tulizo alipofika alisimama mbele yake kwa mazoea, mkono ukiwa umeshainuliwa kupunga, kabla hajaona kwamba hakuna kinachomzuia. Aliingia mbio na aproni yake, akinukia majani ya chai, akashika uso wa Lwitiko kwa mikono yote miwili mbele ya wazee wote. Mzee Ngailo alitafuta kitu cha kusoma.

Mkono mmoja wa Mlezi uliyeyusha lakiri nyekundu juu ya bahasha. Mwingine ulinyooshwa kuelekea kiganja cha Lwitiko.

"Nikusaidie?"

"Hii hapana. Asante."

Aliburuta mkono wake juu ya meza. Ulikwenda polepole, ukapita kwenye wino, ukapita kwenye doa la chai, ukafika. Aliuinamishia kifua chake chote mpaka kifundo cha kidole gumba kikazama kwenye lakiri ya moto. Hakukitoa mpaka ilipopoa.

Droni ya posta ilikuwa inasubiri barazani, taa yake ikiwaka kijani. Tulizo aliiweka barua tumboni mwa droni na kufunga kifuniko. Ikainuka juu ya paa, juu ya uzio na shamba la viazi, ikageuka kuelekea Dodoma.